Mheshimiwa Aliyekimbia Mara Tatu

Mteja akikunja sikio lake mwenyewe kabla hamjamwambia, jueni huyo amekulia mbele ya chanuo la moto. Ninyi mnaotumia pasi za nywele za umeme zenye kitaa chekundu hamlijui hilo, kwa hiyo naanza nalo. Chanuo letu lilikuwa la chuma, mpini wa mti, tunalilaza juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, mpaka lishike moto. Halikuwa na kitaa cha kukuambia limefika. Ulilipitisha kwanza kwenye kitambaa cheupe. Kikibaki cheupe, endelea. Kikigeuka rangi ya chai, lipepee kwanza. Kikitoa moshi, weka chini na umshukuru Mungu kwamba kile kilikuwa kitambaa na si shingo ya mtu.

Naandika polepole, mtanivumilia. Niliishia shule ya msingi, na mikono yangu imezoea vichwa kuliko kalamu. Lakini wasichana ninaowafundisha hapa Busanza, na wale wavulana wawili wanaosuka vizuri kuliko wasichana, wamenisumbua niandike habari ya yule mheshimiwa wa Amerika. Nikiwasimulia kwa mdomo wanadhani nawatania. Basi someni.

Banda letu lilikuwa Gikondo, kati ya magereji na magodauni, mahali ambapo malori ya Mombasa na Dar es Salaam yalikuwa yakingoja kushusha mizigo. Paa la mabati, kuta za mbao, viti vya kukalia wateja na sisi wenyewe tumesimama. Kazi ilifanyika kwa Kiswahili, maana huyu alitoka Zaire, yule Bujumbura, mwingine mume wake dereva wa Kenya. Kinyarwanda tulikitumia kusengenyana na kusali.

Aliyenifundisha ni Mama Nzigire wa Bukavu, mwanamke mnene, mwepesi wa mikono, mwenye sauti ya kusikika hadi gereji ya pili. Mimi nilikuwa kinyume chake. Mteja akiniuliza kitu, nilimwangalia Mama Nzigire anijibie. Nilipoanza kazi nilimsuka mke wa fundi mmoja nikakaza kupita kiasi, na kwa kuwa niliona haya kumwuliza kama anaumia, nikaendelea kukaza. Jumapili alikwenda misani akiwa hawezi kufumba macho. Padri akamsifu mbele ya waumini wote kwamba ni yeye peke yake ambaye hakusinzia wakati wa mahubiri.

"Weye Konso," Mama Nzigire aliniambia, akicheka hadi akajifuta machozi kwa taulo la mteja, "mikono yako iko na akili. Kinywa yako tu ndiyo iko inalala."

Kinywa kulala si kosa kubwa kwa msusi. Wateja wengine wanapenda hivyo. Lakini mwaka wa 1992 tulipata shida iliyohitaji kinywa. Soko dogo lililokuwa nyuma yetu lilikuwa na kamati, na kwenye kamati ile kila upande wa soko ulikuwa na mjumbe wake. Mjumbe ndiye aliyegawa nafasi upande wake: nani aweke meza wapi, banda la nani libaki, la nani livunjwe. Mjumbe wa upande wetu alihamia Butare, kiti kikawa wazi, na Bwana Gaspari mwenye gereji akatangaza kwamba anakitaka. Wala hakuficha sababu. Alikuja akapima mbele ya banda letu kwa hatua zake, akawaambia mafundi wake: "Hapa tutaweka magari mabovu. Hawa akina mama watatafuta pengine."

Pengine ni wapi? Hakusema. Mwanamke hakuwahi kukaa kwenye kamati ile. Mama Nzigire angeweza kumshinda Gaspari kwa sauti peke yake, lakini alikuwa mgeni, Mzaire, hakuruhusiwa kugombea. Wenzetu wengine waliambiwa na waume zao wasithubutu. Nilibaki mimi, na mimi nilikuwa nikipita mbali na gereji ili nisisalimiwe.

Hali ilikuwa hivyo siku alipokuja Mama Verna.

Aliletwa na Mrisho, dereva Mtanzania, mtu wa Tanga, aliyekuwa akiendesha magari ya wageni. Mrisho alifungua mlango wa gari kama anafungua kasha la mayai, akashuka mama mrefu mweusi, suti ya bluu, viatu vya kisigino, na kichwani amejifunika gazeti. Mvua ilikuwa imemkuta. Ninyi mnajua nywele zilizonyooshwa kwa moto zikipata maji zinafanya nini: zinarudi zilikotoka. Upande mmoja ulikuwa bado umelala, mwingine umeamka.

"Jamani dada zangu, nisaidieni," Mrisho alisema. "Huyu ni mbunge kule Amerika. Jioni anahutubia mkutano wa wanawake. Saluni ya hotelini wamezoea nywele za Kizungu, wamemtazama kichwa wakamletea kofia."

Mama Nzigire alimzunguka mgeni kama fundi anavyozunguka gari lililogonga. Kisha akaniita. Kwenye chanuo la moto mimi ndiye niliyekuwa na mkono mtulivu, kwa sababu nilikuwa sizungumzi huku nafanya kazi.

Nikapasha chanuo. Nikalijaribu kwenye kitambaa. Nilipolisogeza, kabla sijatamka neno, yule mbunge alilishika sikio lake la kushoto akalikunja mbele, akashusha kidevu, akatulia kama mtoto anayeogopa kuungua. Wanawake wote walipiga kelele.

"Yewe! Huyu ni wa kwetu!"

Mrisho alipomweleza kwa nini tunapiga kelele, alicheka, akasema mama yake alikuwa msusi. Alianzia jikoni kwake, chanuo linapashwa penye jiko la kupikia mchuzi, baadaye akapata saluni yake mwenyewe. Yeye Mama Verna alilelewa humo, akifagia nywele sakafuni. Na akasema jambo ambalo nimewaambia ninyi mara nyingi: katika mji wao, mtu mweusi aliyeajiriwa na Mzungu akitaka kuzungumza habari za kura, anaweza kufukuzwa kazi. Msusi hawezi kufukuzwa. Saluni ni yake, wateja ni wenzake. Kwa hiyo habari za kura zilizungumzwa palepale, mtu akiwa amekunja sikio.

Kisha akaanza kutueleza jinsi alivyopata ubunge. Hapo ndipo Mrisho alipotupoteza sote.

"Anasema, mara ya kwanza alikimbia, akashindwa."

Tukatazamana. Mwaka ule neno kukimbia halikuwa la mchezo kwetu. Watu wa kaskazini walikuwa wamekimbia vita, wamelala chini ya mahema kandokando ya mji. Devota, mama aliyekuwa akituuzia makaa, alikuwa mmoja wao, na siku ile alikuwa amekaa penye gunia lake mlangoni.

"Alikimbia nini?" Devota aliuliza.

Mrisho akauliza, akajibiwa. "Alikimbia mjini kwao. Watu wengi walimpinga."

"Pole, mama."

"Miaka ikapita, akakimbia tena. Akashindwa tena."

"Walimukamata?" Mama Nzigire aliuliza, chanuo la meno mapana likiwa hewani.

"Hakusema kukamatwa. Anasema mara ya pili ilimuuma zaidi, maana alikaribia kabisa."

"Alikaribia mpaka," Devota alisema, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeijua njia. "Wanakurudisha mpakani. Ndiyo inauma."

"Basi mara ya tatu akakimbia, akashinda! Watu wakatoka barabarani kumshangilia, wakapiga honi za magari."

Devota aliinuka. Alifungua kitenge alichojifunga begani, akakipangusa vumbi la makaa, akamvika Mama Verna mabegani. Akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kinyarwanda, taratibu, kwamba Mungu amemfikisha, asilie tena. Mama Verna hakuelewa hata neno moja, lakini macho yalimjaa maji. Akamuuliza Mrisho kitu. Mrisho akaanza kujibu, akakwama, akajipiga kofi kwenye paji la uso kama anayeua nyuki.

"Jamani! Jamani, nimeharibu. Kwao mtu akigombea kiti wanasema anakimbia! Mimi nimelibeba neno kama lilivyo. Hakukimbia vita, aligombea. Aligombea baraza la mji wao mara tatu. Mara ya tatu akashinda, mwanamke mweusi wa kwanza kukaa mle ndani."

Kicheko kilichofuata kiliwatoa mafundi mvunguni mwa magari. Mama Verna alipotafsiriwa alicheka hadi nikaondoa chanuo kichwani kwake kwa usalama wake. Lakini hakumrudishia Devota kitenge. Alikishika vizuri zaidi. Alisema, tangu aingie katika siasa amepongezwa sana kwa kushinda, lakini kupewa pole ndiyo mara ya kwanza, na kwa kweli ile pole aliihitaji.

"Na ninyi," aliuliza kupitia Mrisho, "mtu akigombea mnasemaje?"

"Tunasema anasimama," Mrisho alimjibu.

Mama Nzigire akaona mlango umefunguka. "Mwambie sisi tunasimama kila siku, mpaka miguu inavimba. Lakini kusimama ya kura, hapana mutu. Mwambie habari ya Gaspari."

Mrisho akamwambia. Mama Verna akauliza swali moja: nani atasimama? Mama Nzigire akanyoosha chanuo lake, meno yakanielekea mimi.

"Huyu hapana sema," akaongeza haraka, kama mtu anayeuza mbuzi mwenye kilema. "Lakini iko na akili."

Nilitamani kuingia ndani ya gunia la Devota. Mama Verna alinitazama kwenye kioo, maana nilikuwa nyuma yake. Hakunipa maneno ya kunitia moyo. Alinipa kazi, kama fundi anavyompa fundi mwenzake. Alisema mara mbili za mwanzo alizoshindwa, alizungumza sana. Alizungumza makanisani, barabarani, kwenye mazishi ya watu. Watu walimpigia makofi wakaenda kumpigia kura mwingine. Mara ya tatu mama yake alimwambia, kaa hapa saluni, wateja wanapita mikononi mwangu, muulize kila mmoja: utanipigia kura? Kisha ufunge mdomo. Usijaze ule ukimya. Mwache yeye aujaze. Aliyesema ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe, haoni raha kugeuka.

"Kuuliza ni maneno mawili," Mrisho alinitafsiria. "Anasema, na kunyamaza anaona tayari unaweza."

Akatusimulia pia siku yake ya kwanza kwenye baraza la mji. Askari mlangoni alimwambia wafagiaji wanapita mlango wa nyuma. Hakugombana naye. Alizunguka, akapita mlango wa nyuma, akawakuta wanawake wafagiaji, ambao wengi walikuwa wateja wa mama yake na walikuwa wamempa kura. Wakaacha mifagio, wakamsindikiza hadi kwenye kiti chake katikati ya ukumbi, wakasimama hapo mpaka alipokaa. Baadaye akaenda bunge la jimbo, baadaye bunge la nchi yote, na kila mahali alikuwa wa kwanza wa namna yake. Lakini alisema hakuna mlango aliouingia kwa fahari kama ule wa nyuma.

Nilimaliza nywele zake zikawa zinang'aa kama kiatu cha harusi. Jioni akahutubia. Mrisho alikuwepo, akatuambia kesho yake kwamba mheshimiwa alipanda jukwaani akiwa na kitenge cha Devota begani, alama za makaa zinaonekana, na habari ya kukimbia kwake mara tatu iliangusha ukumbi mzima kwa kicheko.

Basi nikaanza kuuliza. Mteja wa kwanza alikuwa muuza nyanya. Nilikuwa nimeshika kichwa chake, hawezi kuniona uso, na hilo lilinisaidia. "Utanipigia kura?" Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Akauliza, kura ya nini? Nikamweleza. Akasema, yewe Konso, wewe? Nikanyamaza. Nikasuka mistari miwili. Akasema, Gaspari ana watu. Nikanyamaza. Nikasuka mstari mwingine. Akapumua kwa nguvu, akasema: "Haya sha, nitakupigia, sasa ongea hata kidogo, unanitisha!"

Hivyo ndivyo nilivyofanya na wote. Niliwafuata hata wanaume, wauza viazi, wapakuaji mizigo. Mwanaume hawezi kabisa kuvumilia kunyamaziwa, mtaliona hilo mkiolewa. Wakati ule kila mtu alikuwa na kofia ya chama chake, na Mama Nzigire alikuwa ameweka sheria tangu zamani: ukiingia bandani unavua kofia, yeye hasuki chama. Nikaona faida yake. Chini ya paa letu waliokuwa hawasalimiani nje walikaa wakingoja zamu, vichwa wazi, na mimi niliwauliza wote swali lilelile.

Gaspari alisikia. Siku moja alisimama mbele ya banda na mafundi wake. "Konsolata! Nasikia unataka kuwa kiongozi. Taja jina lako kwa sauti tulisikie." Nikaangalia chini. "Mnaona? Anaviomba viatu ruhusa." Wakacheka sana. Na mimi nikakumbuka kwamba kicheko si kura, nikaendelea na kichwa kilichokuwa mbele yangu.

Hapa nasimama kidogo. Mnajua mwaka uliokuja baadaye, mwaka wa 1994. Siuandiki hapa. Devota hakuuvuka, na wengi niliowashika vichwa hawakuuvuka. Hayo niliyasema mahali pake, mbele ya waliopaswa kuyasikia, na sikunyamaza. Lakini sitaki ninyi mdhani kwamba kabla yake tulikuwa tunangoja tu yatupate. Tulikuwa na kazi zetu, ugomvi wetu, na siku zetu za kushinda. Hii ilikuwa yetu.

Kura ya soko haikuwa ya karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani, wamewapa watu mgongo, na kila mpiga kura anapanga mstari nyuma ya anayemtaka. Hairuhusiwi kugeuka mpaka mwenyekiti aseme. Nilisimama, Gaspari kando yangu, jua usoni. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mwenye fimbo na koti hata wakati wa joto, akasema: "Pangeni."

Nikasikia buti. Buti nyingi, zinakuja, zinapanga, upande wa Gaspari.

"Unasikia, Konso?" alininong'oneza bila kugeuza kichwa. "Hao ni mafundi. Kwako nasikia upepo."

Kweli, kwangu kulikuwa kimya. Nikajiambia, wameniahidi kwa sababu nilikuwa nimewashika nywele, sasa niko mbali. Nilitaka kuondoka, na ningeondoka, lakini sikujua nipite wapi bila kugeuka. Mzee alikuwa akihesabu nyuma yetu, anagonga fimbo chini mara moja kwa kila mtu. Alihesabu mstari wa Gaspari, fimbo ikanyamaza. Akahamia wangu. Fimbo ikaanza kugonga, ikaenda, ikawa inasikika mbali, mbali zaidi, hadi nikadhani mzee ameamua kurudi nyumbani kwake.

"Geukeni!"

Nikageuka. Mstari wangu ulipita meza za viazi, ukapita bomba la maji, ukakunja kona ya godauni. Sikuwasikia kwa sababu wanawake walivaa kandambili, na wengine walikuja peku. Wanaume walikuwamo, wapakuaji, kofia mkononi. Na wanawake karibu wote walikuwa na nusu ya kichwa. Upande mmoja umesukwa mistari safi, mwingine umesimama wima kama mtu aliyeshtuliwa.

Ilikuwa kazi ya Mama Nzigire. Ninyi mnajua, ukishaanza kichwa cha mtu hawezi kwenda kwingine. Watu walikuwa wameahidi, lakini yeye aliogopa kwamba asubuhi watashindwa kuacha meza zao za nyanya. Kwa hiyo yeye na wenzake walipita sokoni tangu kunapambazuka, wanashika kila kichwa, wanasuka upande mmoja, wanaacha. "Ingine nyuma ya kura," aliwaambia, yaani baada ya kura. "Kwenye mustari ya Konso."

Katikati ya mstari ule alisimama mke wa Gaspari, nusu kichwa kama wengine.

"Hata wewe?" Gaspari alimwuliza.

"Sasa ulitaka nirudi nyumbani hivi?" mke wake alimjibu, na uwanja mzima ukalipuka.

Mzee alitangaza. Akaniambia mjumbe mpya aseme neno. Watu wakanyamaza, na safari hii ukimya ulikuwa wa kwangu kuujaza. Nikainua uso nikamtazama Gaspari machoni, mara ya kwanza.

"Naitwa Konsolata," nilisema, kwa sauti iliyofika kwenye gereji. "Mabanda hayaondoki."

Walinibeba. Viatu vyangu vilidondoka, mtu mmoja alivipeperusha juu kama bendera. Mama Nzigire alikuwa anaruka, mwili wake wote, huku analia na kunitukana kwa Kibukavu chake: "Sema tena! Mujinga weye, miaka yote ulikuwa unaficha hii sauti wapi?"

Kisha wanawake wakakumbuka vichwa vyao, wakaanza kupiga kelele wamaliziwe. Tukarudi bandani sote kwa pamoja, mbabula zikawashwa, viti havikutosha, wengine wakakaa juu ya magurudumu tuliyoyaazima gereji. Wote walitaka wawe wa kwanza. Mimi nilikuwa mjumbe, nilikuwa na haki ya kugawa nafasi.

Nilianza na mke wa Gaspari.